Mti Niliopanda Tongaren

Wanaonijua kwa mdomo hawaamini nikiwaambia mimi ni mwoga. Kule Kitale, kwenye shamba la maua nilikofanya kazi miaka mingi, wasichana wa kukata waridi walikuwa wakisikia buti zangu wanainama hata kabla sijafika. Nilikuwa nagombeza, sikatai. Lakini kugomba si ujasiri, na mimi nimegundua kwamba mara nyingi nikipandisha sauti ni kwa sababu nimeshaanza kuogopa.

Hofu hiyo ilinishika siku tulipoitwa nje wote, karibu na tanki la maji, tukaambiwa shamba linafungwa. Soko la ng'ambo limekuwa gumu, mwenyewe amechoka, asanteni kwa kazi. Wapo waliolia na wapo waliotukana. Mimi nilisimama tu na makasi yangu mkononi, nikiwaza kitu kimoja: dawa za baba watoto.

Mume wangu ni seremala. Niseme alikuwa, maana moyo wake ulipanuka, ukachoka, hata kupiga randa ubao mmoja kukawa kunamtoa jasho baridi. Alikuwa amerudi kwao Bumula kukaa na mama yake, mimi nikabaki Kitale kutafuta. Daktari alitueleza kwamba zile dawa hazirukwi, na alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi, si yeye. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari ya kutafuta kazi kwa utulivu. Wengine hutafuta kazi ili walipe kodi, mimi nilikuwa natafuta pumzi ya mtu.

Nilizunguka Kitale mpaka viatu vikapinda. Kwenye kitalu kimoja cha miche ya kabichi na sukumawiki waliniambia wanataka vijana, ati kazi ni ya kuinama. Nikawauliza mimi miaka yote hiyo nilikuwa nafanya kazi nikiwa nimesimama wima au vipi? Hawakucheka. Kwingine walitaka diploma. Kwingine tena kulikuwa na mzee wa nyanya aliyeniambia nirudi jioni, peke yangu, anionyeshe nyumba zake za plastiki vizuri. Nilimwambia nyumba za plastiki nimeziona za kutosha, na mama yangu hakunizaa juzi. Nilitoka pale nimeinua kichwa, nikafika barabarani nikaketi juu ya jiwe, maana ile ilikuwa milango yote niliyoijua na sasa ilikuwa imefungwa.

Nikafunga virago nikaenda Bumula.

Hapa lazima nieleze kidogo. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kununua shamba Kitale kabla sijazaliwa. Kwetu mwanamke hupanda mti kama anavyopanda viazi. Mama yangu alizungusha boma lote miti, na kila mtoto aliyezaliwa alipandiwa wake. Wakwe zangu ni Wabukusu wa Bumula, watu wa kanisa, watu wa heshima, na kwao mwanamke mwenye mume hapandi mti. Mti ni wa mwanamume. Ukichimba shimo ukasimamisha mti, ni kama umesema mwenye boma hayupo, na ukisema hivyo, hatakuwepo. Mume hufa. Hawalisemi kwa sauti siku hizi, wanasema ni mambo ya zamani, lakini hebu jaribu uone.

Mimi nilijaribu. Nilipoolewa nilikuja na mche wa avokado kutoka kwa mama, zawadi, nimeupakata safari nzima. Mama mkwe aliupokea vizuri, akanisifu, akauweka nyuma ya jiko. Nilipochukua jembe asubuhi alininyang'anya. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaniambia mwanawe ni mmoja tu. Nikacheka. Nilikuwa msichana, na bwana harusi wangu alikuwa amesimama pale mlangoni, mabega mapana, anapiga mluzi. Nikamwonyesha ule mti mkubwa wa avokado ulioko katikati ya boma, ambao kila mtu alijua ni wa mikono yake, nikamuuliza, kwani wewe mama si mwanamke?

"Huo nilipanda baada ya mazishi," akasema.

Baba mkwe sikumkuta duniani. Tangu siku hiyo kila nilipokula avokado za mti ule nilikumbuka maneno yale, halafu nikajicheka, nikasema mambo ya wazee hayo. Kucheka ni rahisi mume akiwa mzima.

Kazi nilisikia habari yake Kanduyi, dukani kwa muuza mbegu, nilipokwenda kuuliza kama wanahitaji mtu. Hawakuhitaji. Lakini mwenye duka alinionea huruma, akaniambia kuna mzee mmoja Tongaren amechoka na mahindi, anageuza shamba lote liwe avokado na makadamia, na anatafuta mtu anayejua miche. Akanionya kwamba huyo mzee hasomi barua za watu. Yeye humpa mtu mti apande, kisha humwambia arudi mwisho wa mwezi waangalie pamoja. Ati karatasi hazimei.

Nilipofika Tongaren nilikuta wanaume watatu wametangulia, wawili na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, na kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Alitupa mche mmoja mmoja, akatuonyesha mashimo karibu na ua, akaenda kukaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakutuuliza hata tulikotoka.

Wacha nijisifu kidogo. Wale wengine walichomoa mche mfukoni wakatia shimoni. Mimi nilipasua mfuko kwa wembe, nikakuta mizizi imejizungusha chini, nikaifungua kwa vidole polepole, iliyooza nikakata. Nikaweka samadi na udongo wa juu, nikasimamisha mche, pale ulipounganishwa na kikonyo cha mti mwingine nikapaacha juu ya udongo na kupaelekeza kwenye upepo. Nikakanyaga kwa kisigino. Mzee akasema kila mtu aweke alama ya mti wake. Nikararua ukingo wa kitambaa changu cha kichwa, chekundu, nikafunga kwenye kijiti. Wakati huo wote sikuwaza hata mara moja habari ya mume na miti. Nilikuwa kazini, na nilikuwa na furaha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imerudi mahali pake.

Nilirudi nyumbani nikiongea tangu getini. Nikawaeleza kila kitu, mzee, ndoo, mizizi, kitambaa, mti wangu wa kwanza kutoka ua. Baba watoto alikuwa ameketi chini ya dirisha na blanketi miguuni, akatabasamu, akasema hao wenye bahasha wamepatikana. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ikasimama. Akaniuliza shamba liko upande gani wa Tongaren, nikamweleza. Akaniuliza kama shimo nilichimba mimi. Nikamwambia la, mashimo yalikuwapo.

"Lakini udongo ulirudisha wewe."

Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mboga, na chakula cha jioni hiyo hakukigusa.

Jumapili iliyofuata, tukijiandaa kwenda kanisani, baba watoto aliinama kwenye beseni kunawa uso na hakuinuka. Nilisikia beseni likigeuka. Nilimkuta chini, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa na hewa haiji, macho yananitafuta. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilipiga mayowe mpaka majirani wakaja na gari, tukampeleka hospitali Bungoma, na njia nzima nilishika kifua chake kama vile ningeweza kuuzuia ule moyo usitoke. Wakamwekea oksijeni. Daktari akasema miguu imejaa maji, dozi iongezwe, akalala pale siku kadhaa.

Daktari alieleza vizuri, na mimi nilielewa vizuri. Najua kwamba ugonjwa ulikuwako kabla ya mti, na kwamba mti hauna mikono. Lakini nilikaa kwenye benchi la wodi, mimi binti wa Kitale, mimi wa kucheka, nikajikuta nauliza kimoyomoyo: ule mti sasa umeshika? Maana ukishika, napata kazi na dawa zinapatikana. Na ukishika, yeye je? Nilitaka kwenda kuung'oa na nilitaka kwenda kuumwagilia maji, vyote kwa pamoja. Nilijaribu kuomba, nikashindwa kujua niombe nini. Mtu akikuambia hofu ni ujinga, mwambie akae kwenye lile benchi kwanza.

Mama mkwe hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningejua la kumjibu. Alikuja akamlisha mwanawe uji, akanitazama, akanifunga vizuri leso iliyokuwa inanivuka mabegani, akaondoka. Kesho yake hakuja. Jirani alisema ameondoka alfajiri na jembe dogo ndani ya gunia. Aliporudi hospitalini siku iliyofuata nilimuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu. Nikafikiri amelima bustani, na sikufikiri tena, maana siku hiyo baba watoto alikuwa ametolewa oksijeni na anaulizia chai.

Mwisho wa mwezi ukafika. Baba watoto alikuwa amesharudi nyumbani, anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Nilimwambia siendi Tongaren. Sikumwambia kwa nini, lakini yeye ni wa pale, amezaliwa ndani ya maneno hayo, alijua. Akaniambia dawa zimebaki za wiki moja.

"Nenda," akasema. "Nikifa, nife na moyo wangu. Usiniletee habari za avokado."

Alicheka, na kule kucheka kukamfanya akohoe mpaka nikamshika mgongo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia. Alinipa maji ya kunywa njiani, chupa nzima.

Tongaren nilimkuta mzee peke yake. Mmoja wa wale wanaume hakurudi, wengine wawili walikuwa wameshaangaliwa. Tulitembea kufuata ua, na kabla hatujafika niliona kwamba mambo yameharibika. Mti wangu ulikuwa umepukutisha majani karibu yote. Yaliyobaki yalining'inia. Nikapiga magoti nikaangalia, na nikaona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Pale mche ulipounganishwa palikuwa panatazama upande mwingine, nyuma, penye ua. Mimi sikuuweka hivyo. Kuzunguka shina kulikuwa na jivu la jikoni. Na kitambaa changu chekundu kilikuwa kimefungwa upya, kwa fundo dogo lililokazwa mara mbili na ncha kuchomekwa ndani.

Fundo lile nalijua. Ndivyo mama mkwe anavyofunga kuni.

Basi yote yakanijia kwa mara moja. Jembe ndani ya gunia, udongo kwenye kucha, siku nzima asiyoonekana. Mwanamke yule, na magoti yake mabovu, alisafiri kutoka Bumula mpaka Tongaren, akatafuta kitambaa chekundu, akaung'oa mti wangu na kuupanda upya kwa mikono yake. Mikono ya mjane. Yeye hana wa kufiwa tena kwa mti. Alinitolea mkosi, na akanivunjia mizizi. Nilikasirika, wallahi nilitaka kulia kwa hasira, mizizi ile niliifungua kidole kwa kidole. Na wakati huohuo, chini ya hasira, niliona kifua changu kinalegea, na nikaona aibu kwamba kinalegea.

Mzee alikuwa amesimama juu yangu. Aliinama akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. Mti ulikuwa hai.

"Mama," akaniuliza, "hii mti umepanda wewe?"

Swali dogo namna hiyo. Kazi ilikuwa pale, dawa za mwezi ule na mwezi ujao zilikuwa pale, neno moja tu. Nilijaribu kusema ndiyo. Nilimwona baba watoto akiwa chini kando ya beseni, macho yananitafuta, na neno likakataa kutoka.

"Hapana," nikasema. "Ni mama mkwe wangu."

Nikangoja anifukuze. Yeye alikaa chini, palepale kwenye udongo, akavua kofia. Akaniambia alimwona. Alikuwa kwenye ng'ombe, akaona mama mzee anapiga magoti kwenye shamba lake na jembe dogo, na hakumuuliza kitu, kwa maana mtu wa umri ule hatoki mbali kuja kuchimba shamba la wenyewe bila sababu, na yeye sababu hiyo aliijua, amezaliwa nayo.

"Kumbe bwana yuko," akasema.

"Yuko. Anaumwa, lakini yuko."

"Mimi nilidhani alishaenda. Ulirudisha udongo bila kusita hata kidogo."

Ubaridi ulinipanda mgongoni nikiwa pale juani.

Alinipa kazi. Alisema aliiona ile mizizi nilivyoifungua siku ya kwanza, na mtu wa namna hiyo anamtaka kwenye kitalu: kuotesha mbegu, kuunganisha miche, kusimamia mifuko mpaka iwe tayari. Miche ikiwa mfukoni haijawa miti, mila haina neno nayo. Kupanda shambani anao watu wake, wanawake wa pale Tongaren, na nilipowaona siku ya kwanza ya kazi nilielewa kabla sijaambiwa. Wote ni wajane. Wanapanda wakiimba nyimbo za kanisa, wanataniana, mikono yao inakwenda haraka kuliko ya wanaume. Ukiwasikia kwa mbali utadhani ni harusi.

Mimi ndiye ninayewapelekea miche. Nasukuma mkokoteni mpaka kwenye mashimo, napasua mfuko, nafungua mizizi, nakabidhi. Hivi karibuni mvua ilitushika, mmoja wao alikuwa mgonjwa, mashimo yalikuwa mengi na miche imeshafunguliwa. Nilibaki na mmoja mkononi, shimo liko mbele ya miguu yangu, mizizi inaanza kukauka kwa upepo. Mzee alikuwa anatazama. Kila kitu ninachokijua kuhusu mimea kilikuwa kinaniambia niiname. Yule mama aliyekuwa jirani yangu, mcheshi kuliko wote, aliacha kuimba akaninyooshea mikono yote miwili.

"Lete," akasema. "Wewe bado uko na mtu."

Nikampa haraka, hata udongo ukamwagika kwenye buti zangu.

Nyumbani narudi mwisho wa wiki. Mama mkwe hunisubiri chini ya ule mti wake wa avokado, na habari ya mti wa kitambaa chekundu hatujawahi kuizungumza, wala hatutaizungumza. Hunipokea mzigo, huniangalia mikono, kwanza viganja halafu kucha.

"Hujapanda?"

"Sijapanda, mama."

Ndipo tunanyamaza wote wawili kusikiliza, mpaka baba watoto akohoe mle ndani, na akikohoa, tunaingia.